Petroli Mgongoni mwa Ovaroli

Gakii mwanangu,

Umeenda na baba yako kumuaga nyanya yako, na mimi nimebaki nyumbani nikisema mgongo unaniuma. Mgongo hauniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu ili nikuandikie bila wewe kupita nyuma yangu ukiuliza naandika nini. Kesho asubuhi unapanda gari kwenda Nairobi, na kuna jambo nimelibeba kwa wiki kadhaa ambalo siwezi kukuambia uso kwa uso. Tukiangaliana mimi hupandisha sauti, na nikipandisha sauti wewe huziba masikio. Tumekuwa hivyo tangu ukiwa mdogo.

Sitakuambia habari za kula vizuri wala za kufunga mlango. Nguo zako umekuwa ukijifulia tangu darasa la nne, isipokuwa ovaroli, na hiyo nitaifikia. Nataka kukusimulia habari za lile gari lako, vile mimi nilivyoziona. Unafikiri unazijua zote kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa umeshika usukani.

Unajua kazi yangu. Nimekuwa matron wa shule ya bweni tangu kabla hujazaliwa, na matron hulipwa ili ashuku. Nimetoa simu ndani ya mkate uliochimbwa katikati. Nimejua msichana aliyeruka ua kwa kuangalia tope lililokauka kwenye kandambili zake. Na hata kabla ya kazi nilikuwa hivyo. Kule Mbeere nilikokulia huvai kiatu asubuhi kabla ya kukikung'uta, kwa sababu nge naye hupenda pa kulala. Baba yako alizaliwa hapa Kiirua kwenye baridi, ambapo ndani ya kiatu kuna umande tu. Ndiyo maana anaamini kila mtu anayemsalimia vizuri.

Basi ulipokuja na kile kigari kutoka Nchiru, nilikitazama kama ninavyotazama sanduku la mwanafunzi siku ya kufungua shule. Chekundu, milango mitatu, kifupi nyuma kama kuku aliyekatwa mkia. Ulisema umekinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, ni cha kukupeleka chuoni na kukurudisha. Baba yako alikizunguka akicheka. Kisha ukawasha injini, na kuku wetu wakaruka ua.

"Hii ni injini ya kwenda chuoni?" nikakuuliza.

"Mum, gari ni gari," ukasema.

Hapo ndipo nilipoanza kukushuku.

Sijui kama unakumbuka mambo yalivyofuatana, lakini mimi nakumbuka. Kwanza ulitoa viti vya nyuma. Kisha ukatoa zulia, na ubao wa kufunika tairi la akiba, na plastiki za milangoni, na baba yako badala ya kukuuliza sababu akakuletea mizani ya viazi mpime pamoja uzito wa kila kitu mlichokitoa. Mlifurahi kama watoto. Kisha ukapeleka gari kwa Mutethia, yule fundi wa kuchomelea pale karibu na stendi, na likakaa huko chini ya turubai wiki nzima. Liliporudi lilikuwa limeinama chini, springi zimekuwa ngumu hata ukipita juu ya jiwe dogo linaruka lote. Na ulianza kutoka alfajiri, siku ambazo huna masomo, na kurudi na vumbi hadi kwenye kope.

Sasa jiweke mahali pangu. Gari dogo lenye nguvu kupita kiasi. Viti vya nyuma vimetolewa. Springi zimeimarishwa kana kwamba litabeba mzigo. Linatoka kabla ya jua. Katika barabara hii yetu, mtu yeyote ukimwambia hivyo atakuambia hilo gari linabeba nini. Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa. Niliona bangi, nikaona wewe ukiwa mahakamani, na nikamwona Mutethia mwenye shavu lililojaa miraa akiwa ndiye aliyekuingiza. Kwa nini yeye? Kwa sababu hakuwa anasalimia vizuri. Kwa sababu anafungua gereji akitaka na kufunga akitaka. Na kwa sababu nilikuwa nahitaji mtu ambaye si wewe.

Siku ile ya soko unaijua, lakini uliikuta imefika mwisho. Acha nikueleze mwanzo wake. Nilipita kwa Mutethia asubuhi nikaona gari lako limerudi tena chini ya turubai. Ndani kulikuwa na mabomba ya chuma, manene, yamechomelewa kutoka sakafuni hadi darini, mengine yamekatiza nyuma ya kiti. Nikasema, basi, ndiyo hapo. Wanaficha ndani ya mabomba. Sikumuuliza Mutethia swali hata moja. Nilienda moja kwa moja kumwita mzee wa nyumba kumi na askari wa chifu, nikarudi nao, na nusu ya soko ikatufuata.

"Kata," nikamwambia Mutethia.

"Nikate nini, Matron?"

"Hilo bomba. Kata tuone ndani."

Akatikisa kichwa. "Hili halikatwi. Mwenyewe akija atanilaumu."

"Mwenyewe ni mtoto wangu. Kata."

Askari naye akamwambia kata. Akawasha mashine, akakata bomba la juu ya kichwa cha dereva, sehemu mbili, akakitoa kipande na kuniwekea mkononi kikiwa bado na joto. Kilikuwa kitupu. Niliona mwanga upande wa pili. Watu wakacheka, na mzee wa nyumba kumi akakohoa kama mtu anayetafuta njia ya kwenda nyumbani.

Hapo ndipo wewe ulipofika. Hukunipigia kelele, na ningependa ungepiga. Ulisema polepole, "Mum, hilo bomba ni la kunisaidia nikipinduka." Kisha ukanieleza mbele ya watu wote: ni mbio, zinaitwa autokrosi, gari linazunguka koni zilizopangwa shambani, moja moja, likishindana na saa, hakuna gari jingine la kugongana nalo. Ulikuwa umenificha kwa sababu ulijua ningekataa. Ni kweli ningekataa.

Mutethia alichomelea bomba upya. Hakukudai kitu kwa kazi hiyo ya pili, na mimi sikumwomba msamaha. Nilimwambia tu, "Basi sawa," kana kwamba yeye ndiye aliyekosea na mimi nimemsamehe.

Tangu siku hiyo nilijiapiza nifunge mdomo kuhusu gari lako. Nilikuja shambani kwenye mbio zako za kwanza, nikakaa kwenye ukingo na leso kichwani. Ngano ilikuwa imevunwa, mabua yamebaki, upepo unashuka kutoka mlimani unakata masikio. Nilikuja nikiwa na sura ya mtu aliyelazimishwa. Kisha ukaingia. Ulifika kwenye ile koni ya mbali, ukavuta breki ya mkono, na sehemu ya nyuma ya kigari ikazunguka kama sketi ya msichana anayecheza, ukaondoka tena na vumbi likabaki limesimama mahali ulipokuwa. Baba yako alipiga kelele hadi sauti ikapotea. Mimi nilikaza fundo la leso yangu. Lakini nikwambie leo, kwa kuwa hunioni: nilitaka urudie.

Uliporudi ulikuwa na furaha na hasira pamoja, kwa sababu jiwe lilikuwa limegonga chini ya gari na kupinda bomba la petroli. Nilikusikia ukiongea na Mutethia. Akakuambia dawa yake ni kulitoa chini na kulipitisha ndani ya gari, pembeni ya kiti, ambapo mawe hayafiki. Pale kwenye kona panahitaji mpira wa kuunganisha, lakini uwe mpira wa petroli, wa kazi hiyo. Meru mjini haukupatikana. Ukaagiza kutoka Nairobi, na mbio za pili zikakaribia, na mpira haukuja.

Sasa nafika kwenye ovaroli.

Siku moja kabla ya mbio uliniachia ovaroli nikufulie kwa kuwa ulikuwa na mtihani. Niliikunja mikononi nikainusa, kama ninavyonusa kila nguo inayopita mikononi mwangu, hiyo ni tabia ya kazi. Ovaroli ya fundi hunuka petroli, najua. Lakini harufu ya kazi hukaa kwenye mikono na magotini. Hii ilikuwa mgongoni, na pale pa kukalia. Ilikuwa kama mtu aliyeketi ndani ya petroli akaegemea.

Nilisimama na ile nguo karibu na karai. Nilijua kuna kitu. Nilijua kama ninavyojua msichana akinidanganya kabla hajamaliza sentensi. Nikafikiria kukupigia simu. Kisha nikalikumbuka lile bomba tupu mkononi mwangu na watu wakicheka, nikasema, Ruguru, nyamaza, usimwaibishe mtoto tena. Nikaifua. Niliifua vizuri sana, mara mbili, hadi harufu ikaisha.

Nimefikiria sana kuhusu siku hizo mbili. Siku niliyokuwa sina kitu mkononi isipokuwa hofu, niliita askari. Siku niliyokuwa na kitu chenyewe mkononi, kimelowa, kinanuka, nilikaa kimya. Sijakuta mtu wa kunieleza kwa nini niko hivyo. Nakuambia tu kwa sababu una damu yangu, na naogopa unaweza kuwa hivyo pia.

Moto wenyewe uliuona kutoka ndani, mimi niliuona kutoka nje. Ilikuwa raundi yako ya pili. Ulipinda kwenye koni ya kwanza, na nikaona ukungu mweupe ndani ya kioo, nikafikiri ni vumbi. Kisha ukawa wa rangi ya machungwa. Gari likasimama katikati ya shamba, na mlango haukufunguka mara moja. Nilikimbia, Gakii. Nilipoteza kiatu kimoja kwenye mabua na sikuhisi mguu. Nilipokuwa bado katikati ulitoka, kichwa kwanza, ukatambaa, ukasimama, ukaanguka. Wasimamizi wakafika na mtungi wa kuzimia moto. Mkono wako wa kushoto ulikuwa umeiva hadi kwenye kiwiko na nywele zako upande mmoja zilikuwa zimekunjamana kama uzi. Ulikuwa unalitaja lile gari badala ya mkono.

Mutethia alikuwa wapi? Alikuwa ukingoni upande wa barabara, anaongea na simu. Mtungi wake ulikuwa kwenye pikapu yake, na alifika nao moto ukiwa umeshazimwa. Kila mtu alimwona akifika amechelewa.

Msimamizi mmoja akauliza, "Nani alifunga bomba la mafuta?"

Ukiwa umelala kwenye koti la baba yako, ukasema, "Mutethia."

Na mimi, niliyekuwa nimepiga magoti na kiatu kimoja, niligeuka nikamwambia mbele ya watu wote: "Nilijua. Tangu mwanzo nilijua wewe ni mtu wa aina gani."

Alirudisha mtungi kwenye pikapu akaondoka.

Ulichosema kilikuwa kweli, yeye ndiye aliyefunga. Ulikuwa umeungua na sikulaumu kwa neno lile moja. Lakini baadaye, mkono ukiwa umeanza kupona, ulikuwa na siku nyingi za kuongeza neno la pili, na hukuliongeza. Watu wakaanza kuondoa magari yao kwa Mutethia. Jirani mwenye trekta aliliondoa. Shule yetu ilikuwa imempa kazi ya kutengeneza geti jipya, na mimi kwa mdomo wangu nilimwambia mhasibu ampokonye, kwamba ni fundi wa kuua watoto. Uliniona nikijisifia hilo mezani. Uliendelea kula.

Kisha video yako ya shambani ikazunguka mitandaoni, na yule mwenye gereji ya magari ya mbio kule Nairobi akakupigia akitaka ukamfanyie kazi. Mimi humshuku hata yeye, nikuambie ukweli. Alizungumza nami kwa simu na kuniita mzazi kila baada ya neno, na mtu mwenye heshima nyingi hivyo huwa kuna kitu anachouza. Lakini si yeye ninayetaka kumzungumzia. Nilikuwa jikoni siku alipokuuliza gari lilitengenezwa na nani. Ukasema, "Mimi mwenyewe." Nikafurahi. Akakuuliza kuhusu moto. Ukasema, "Hiyo paipu iliwekwa na fundi mmoja wa hapa. Mimi sikujua aliweka gani."

Ulipunguza sauti uliposema hivyo. Gakii, mimi nimesikiliza wasichana wakipunguza sauti nyuma ya milango kwa miaka mingi. Niliacha kumenya viazi.

Hata hivyo sikuwa na ushahidi. Kisha wiki mbili zilizopita baba yako alikuwa anataka kunyunyiza dawa ya viazi. Pampu yake ya mgongoni ilikuwa imekaa muda mrefu na mpira umepasuka, lakini nikamwona ameifunga mpira mpya, mweusi.

"Umeutoa wapi?" nikamuuliza.

"Gakii alininunulia kule duka la dawa za mimea," akasema. "Alikata kipande cha kutia kwenye gari lake, huu uliobaki akaniletea mimi. Mtoto ana huruma huyu."

Baba yako alisema hivyo akitabasamu, na hakuona chochote. Alikuwa ameshika mkononi jibu la swali ambalo hakuwa amejiuliza.

Nilisubiri aende shambani nikakata kipande kidogo cha ule mpira, urefu wa kidole. Nikakitia kwenye chupa ya jamu, nikamimina petroli, nikafunga, nikaificha nyuma ya debe la unga. Nilipokitoa baada ya siku chache kilikuwa kimevimba. Nilikibonyeza kikabonyea kama utumbo wa mbuzi, na kwenye ncha kikaanza kupasuka. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikakishika. Kwa mara ya kwanza kuhusu wewe nilikuwa nimeshuku sawasawa na nikapata ushahidi, na sikufurahi hata kidogo.

Jana nilienda kwa Mutethia. Sikwenda na askari safari hii. Gereji ilikuwa na gari moja tu, na hilo lilikuwa lake. Nilimwonyesha kile kipande.

"Huu ndio ulioufunga?"

Alikigeuzageuza. "Ndio huu."

"Ulijua ni wa pampu ya dawa?"

"Alikuja nao umeshakatwa, Matron. Nikamuuliza, huu ni wa petroli? Akaniambia ndio, umefika kutoka Nairobi, funga haraka keshokutwa ni mbio. Mpira mweusi na mpira mweusi. Ilikuwa jioni, nilikuwa nimechoka, sikuangalia maandishi. Hapo nilikosa. Nilipaswa kuangalia."

"Mbona hukusema?"

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Niseme kwa nani? Wewe uliniletea askari kabla hujaniuliza jina langu. Mtoto ameungua, mimi nimefika nimechelewa, niseme ni yeye? Nani hapa Kiirua angeniamini mimi?"

Gakii, nimelifikiria jibu lake tangu jana. Wewe ulidanganya, lakini mimi ndiye niliyekulimia njia. Ulijua ukisema jina la Mutethia hakuna atakayeuliza la pili, kwa kuwa mama yako alishamhukumu mbele ya soko zima. Ungekuwa umetengenezewa gari na fundi niliyemheshimu, pengine ungeona aibu kumtaja. Mtu ninayemshuku hadharani anakuwa mahali ambapo kila mtu anaweza kutupa makosa yake. Hilo sikulijua, na umri huu wote nimekuwa nikijiita mwerevu.

Nikamwomba msamaha. Sijazoea, na nilisema vibaya, nikarudiarudia. Akanikatiza.

"Matron, mimi sitaki pole. Nataka lile geti la shule."

Nilienda kwa mhasibu leo asubuhi, nikamwambia nilisema uongo juu ya mtu. Alinitazama kwa macho ya kunishuku, na nikajua wasichana wangu huhisi vipi. Geti amerudishiwa. Nikapita pia kwa mwenye trekta. Kuhusu mpira na aliyeununua sikutaja kokote. Nilisema tu kwamba mimi nilikosea. Sehemu yangu nimeilipa kadiri nilivyoweza, na sehemu yako sijaigusa.

Baba yako nimemwambia. Ilibidi. Alienda akaung'oa ule mpira kwenye pampu, ingawa kwa dawa ni mzuri kabisa. Akasema, "Mwache aende kwanza. Atajirekebisha huko." Hapo ndipo tunapotofautiana, mimi na yeye. Yeye anaamini mtu akienda mbali hubadilika. Mimi naona mtu akienda mbali hupata mahali pazuri zaidi pa kuficha.

Najua kwa nini ulifanya hivyo. Mpira haukuja, mbio zilikuwa mlangoni, na ulikuwa umelilia ile koni ya mbali tangu mara ya kwanza. Mimi pia ningetaka kuendesha. Si mpira ninaoulaumu. Kama wa kuungua angekuwa wewe peke yako siku zote, ningesema ni ujana. Lakini huko unakoenda watu watakuachia magari yao. Mtu atafunga mkanda, atavaa helmeti, na ataingia kwenye kona kwa kasi kwa sababu Gakii amemwambia breki ziko sawa. Hatakuwa na mama wa kunusa ovaroli yake. Atakuwa na neno lako tu.

Sitakuambia uache kushuku watu. Nairobi itakufundisha hilo bila mimi. Ninachokuomba ni kidogo. Ukishuku kitu, kishike, kigeuze, uliza mwenyewe kabla hujaita mtu wa tatu. Ukikuta ni tupu, sema ni tupu kwa sauti ileile uliyotumia kushuku. Na ukinusa kitu, usikifue. Mimi nilijifunza haya mwaka huu, nikiwa na mvi, kwa gharama ya mkono wako.

Tena, zile siku za bandeji ulikuwa ukiamka usiku ukilia, nami nikafikiri ni maumivu. Sasa sina hakika. Kama yalikuwa ni haya, basi umekuwa ukiyabeba peke yako katika nyumba yenye watu wawili wanaokupenda, na hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika.

Barua hii utaikuta juu ya begi lako. Sitaizungumzia usipoizungumzia. Kuhusu yule mwenye gereji wa Nairobi, hilo ni lako na yeye. Ukimwambia anaweza kukukataa. Akikukataa, kitanda chako kipo na baba yako bado ana viazi vya kuvunwa, na hakuna atakayekucheka hapa ndani. Anaweza pia asikukatae. Mtu anayetengeneza magari ya mbio lazima amewahi kufunga kitu ambacho hakikufaa. Kama hajawahi, ndipo nitamshuku zaidi.

Lakini Mutethia yuko hapa, na gari unalopanda hujaza abiria mbele ya gereji yake. Siku hizi anafungua mapema, kwa kuwa hana wateja wa kumchelewesha kulala. Sikumwambia kwamba nitakuandikia. Sijui atakusikiliza au atakufukuza, na pengine atakuwa na haki kukufukuza. Mimi na baba yako tutakusindikiza hadi njia panda, kisha tutarudi, na mwendo uliobaki utatembea peke yako na begi lako. Sitasimama kuchungulia. Nimemwambia baba yako anishike mkono nikijaribu.

Nimekuwekea chai kwenye chupa, ya maziwa mengi, na mkate nimeupaka siagi. Nimefunga vikombe viwili; gari huchukua muda kujaa.

Mama yako,
Ruguru